Ami, nimwambie nina miaka mitatu ya kazi ya bustani?

Ami shikamoo,

Mimi ni binti wa miaka 26, nakaa Mshomoroni, hapa Mombasa, na mamangu. Nimefanya kazi miaka minne kwenye hoteli moja ya ufuoni upande wa londri, kufua na kupiga pasi mashuka, na kila wageni wakipungua twarudishwa nyumbani mpaka msimu upande tena. Mwaka jana mwezi wa tano tuliambiwa tungojee simu na mpaka leo mimi sijapigiwa.

Ukweli ni kuwa hata nikiwa londri roho yangu ilikua kule nje kwa watu wa bustani, saa ya mapumziko nilikua naenda kukaa kivulini nikiwaangalia wakipogoa bogenvilia, nikiwauliza maswali mpaka wengine wakinichoka. Nyumbani kwetu hakuna uwanja, ni nyumba ya kupanga, lakini mlangoni na kwenye ngazi nimejaza madebe na migaloni iliyokatwa, nina asumini, mrehani, mkilua mmoja nilioachiwa na nyanya, na adenia tano nilizootesha mwenyewe kwa mbegu. Majirani waja kuniomba vipandikizi. Hiki ndicho kitu ninachotaka kufanya maishani, sasa nimekua na uhakika.

Sasa mambo yamenijia yote kwa mpigo. Kuna mama mmoja Nyali, binamu yangu yuwamfanyia usafi, amehamia nyumba mpya na uwanja wa mbele ni mawe na vumbi tu, yuwataka nyasi na maua. Alinipigia akaniuliza nina eksipiriensi ya miaka mingapi na nitamfanyia kwa bei gani, nikashikwa na kigugumizi nikamwambia netiweki ni mbaya nitampigia. Uwanja nimeuona, nilipima kwa hatua ni kama mita kumi kwa nane. Binamu yangu aniambia sema miaka mitatu, nani atakuja kuchunguza. Tangu siku hio silali vizuri.

Halafu kuna nyumba nyingine huko huko wataka kuajiri mtu wa bustani, siku sita kwa wiki asubuhi mpaka jioni, elfu tisa kwa mwezi. Mamangu asema hio ni kazi ya shamba boi na mimi ni msichana nimemaliza fomu foo, nitaonekanaje nikipita mtaani na jembe, lakini yeye huyo huyo asema bora elfu tisa kuliko kukaa bure. Akiba yangu ni elfu kumi na nane, na rafiki yangu ana mashine ya kukata nyasi ya petroli, ya mtumba, ataka kuniuzia elfu kumi na sita.

Lakini kinachoniogopesha zaidi sijamwambia mtu. Mwezi wa kumi na mbili nilimpandia dada yangu wa kwa mama mdogo iksora 24 kule Bamburi, miche alinunua yeye, kazi nikafanya bure ili nipate cha kuonyesha. Nilichimba vizuri, nikatia samadi, kila jioni nikazimwagilia kwa mpira kuanzia juu mpaka majani yang'ae. Baada ya wiki tatu hivi majani yakageuka manjano ila mishipa ikabaki kijani, kisha ncha zikaungua kama zimepitiwa na moto. Zimebaki saba. Dada hakunisema hata neno lakini kila nikienda macho yangu yaenda pale. Kama nimeshindwa na iksora za dada yangu, si nitaenda kumharibia mtu wa Nyali pesa zake?

Niambie ukweli Ami hata kama ni mchungu.

Binti wa Madebe, Mshomoroni

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na zile iksora manake humo ndimo mlimo na majibu ya mengine yote. Ulivyoeleza ni wazi mpaka nimeziona. Jani la manjano lenye mishipa ya kijani ni mmea uliokosa madini ya chuma, na Bamburi chuma waweza kukitia na mmea usikipate, kwa sababu ardhi ya kule chini ni mawe ya matumbawe, ni chokaa tupu, na udongo wa chokaa hukifunga chuma kikawa kipo lakini mizizi haiwezi kukinyonya. Iksora ni katika maua yanayoumia sana kwa jambo hilo, yeye apenda udongo mchachu kidogo. Hizo ncha zilizoungua ni chumvi. Sikuuliza lakini naweza kusema huo mpira wa dada yako watoa maji ya kisima, sivyo? Yaonje kidogo kwa ncha ya ulimi kisha uteme, utajua mwenyewe. Sasa wewe ulikua wayamwaga juu ya majani kila jioni, maji yakikauka chumvi yabaki pale pale juu ya jani, kesho waongeza nyingine. Na umepanda Disemba, kaskazi imeshaanza kuvuma na jua la kukaanga, mche mdogo haujashika hata mzizi mmoja wa maana.

Kwa hivyo mikono yako haina kosa, ila hukua umeonyeshwa ardhi ya huku ni ya aina gani, na wengi waliofanya kazi hii miaka mingi bado hawajaonyeshwa, wao kila mwaka hupanda iksora zikafa wakamwambia mwenye nyumba ni miche mibaya.

Hizo saba zilizobaki usizing'oe. Zungushia mboji, funika kwa makumbi ya nazi ili jua lisipige udongo, ukimwagilia mwagilia chini kwenye shina, maji mengi kwa mara moja kisha uache siku mbili tatu, hivyo chumvi yasukumwa chini kupita mizizi badala ya kukaa juu. Agroveti huuza chuma cha kunyunyiza kwenye majani, kiulizie, soma maelezo ya kipimo. Kisha masika ikinyesha itaziosha yenyewe. Pale palipokufa 17 mwambie dada yako utampandia bogenvilia, na adenia zako hizo za madebe, hizo chumvi na ukame haziziogopi. Mvua ya kwanza tu ikianguka uwe umeshachimba mashimo. Na piga picha leo, piga tena mwezi wa sita, piga tena mwezi wa kumi na mbili, pale pale usimame mahali pamoja. Hio ndio itakua barua yako ya kazi.

Kwa sababu wajua, pale pale Bamburi kuna mtu aliwahi kukabiliwa na mawe hayo hayo kwa ukubwa ambao wewe na mimi hatutauona. Machimbo ya kampuni ya simiti yalikua yamebaki jangwa la matumbawe, hakuna udongo, maji ya chini ni ya chumvi. René Haller, Mswisi, na huyo alikua amesomea mambo ya kilimo, alipoanza 1971 alijaribu aina 26 za miti na zilizoishi zilikua tatu tu, mvinje, mnazi na mti mmoja wa jamaa ya konokapasi. Mivinje ikakua vizuri lakini majani yake yale kama sindano yakawa yaanguka hayaozi, yarundikana tu, mpaka wakaletwa majongoo, haya majongoo yetu meusi watoto wanayoyachezea, yakayala na kuyageuza udongo. Leo ndio Haller Park. Ukipata nafasi nenda ukaangalie chini badala ya kuangalia twiga, angalia ule udongo kwamba miaka hamsini iliyopita haukuwepo. Mtu mwenye elimu yake alipoteza aina 23 kwa 26, na wewe walia kwa iksora 17.

Sasa huyu mama wa Nyali. Usimwambie miaka mitatu. Zaidi ya kuwa ni uongo, uongo wenyewe utakufunga, manake mtu wa miaka mitatu akiulizwa "nyasi gani hapa" yuwatakiwa ajibu papo hapo, wewe utalazimika kubahatisha na pesa ni za watu. Mpigie umwambie hivi, kwa maneno yako: mama, mimi ni mgeni kwenye kazi hii, nimefanya uwanja mmoja Bamburi na nilikosea, nimejua kwa nini nilikosea, naomba nije nione maji yako na udongo wako kabla sijasema bei. Watu wa Nyali wamechoshwa na mafundi wanaotaja bei kwa simu. Akikataa amekataa, hujapoteza kitu. Akikubali nenda na binamu yako siku ya kwanza, na siku zote mwachie mtu nyumbani habari ya uko nyumba gani, wewe ni binti na waingia mageti ya watu usiowajua, hilo si la kuonea aibu.

Ukifika uliza maji kwanza. Ya kampuni ya mji huja siku gani, kuna tangi, kuna kisima, onja. Kama ni chumvi chumvi usimpandie kikuyu hata kama ameiona kwenye picha akaipenda, hio ni nyasi ya baridi ya bara, huku yateseka. Nyasi ya Pemba, ile ya majani mapana, yavumilia joto na kivuli na chumvi kiasi. Kama maji ni ya chumvi sana basi paspalamu ile ya pwani. Uliza pia kama kuna watoto wadogo, kwa sababu utashawishika kumpandia oleanda, manake ni ua linalostahimili chumvi na upepo na lapendeza, lakini ni sumu jani mpaka kijiti, na oleanda ya manjano, lile ua la kengele wanalopanda kwenye ua wa nyumba nyingi nalo ni jamaa yake, mbegu zake ni hatari kabisa. Hata utomvu wa adenia zako usiingie mdomoni wala machoni, vaa glavu ukizikata. Penye mtoto anaetambaa mimi oleanda sipandi, mwenye nyumba akasirike akipenda.

Kisha bei, na hapa ndipo vijana wengi huumia kwa hivyo tuende pole pole. Hatua hazitoshi, nunua tepu. Tuseme kweli ni mita 10 kwa 8, hizo ni mita 80 za mraba. Ule uwanja ni mawe, utataka udongo mwekundu juu yake angalau sentimita 10 ukichanganya na samadi iliyooza. 80 mara sehemu ya kumi ni kubiki 8. Hizo mwanangu ni za lori, haziletwi na toroli. Nyasi ukipanda vishina kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande, mita moja ya mraba yala kama vishina 44, uwanja mzima ni kama 3,500, na kila kishina lazima uiname. Wewe peke yako ni siku ngapi? Utataka msaidizi, nae alipwe kila siku jioni. Kuna nauli, kuna chakula, kuna kuokota mawe kabla ya yote na mawe hayo yapelekwe wapi. Andika yote kwenye daftari, ndipo uongeze ufundi wako juu. Aliyekurupuka akasema "elfu kumi mama nitakufanyia" alikua hajafika hata kwenye lori.

Na usishike pesa za vifaa. Udongo, samadi, nyasi, mama alipe mwenyewe kwa muuzaji kwa M-Pesa mbele yako, wewe ulipwe kazi yako, nusu mkianza na nusu mkimaliza. Andikianeni japo kwa WhatsApp: maji ni ya nani, mche ukifa ndani ya miezi mitatu ni wa nani. Ukiweza mwambie muanze na ukanda mmoja tu wa getini mpaka mlangoni, aone, kisha muendelee. Wakati ndio huu, mwezi wa tatu mwatayarisha ardhi, masika ikianza Aprili mwapanda, Mei mvua yafanya kazi ya mpira.

Lakini sasa nisikilize vizuri, hili ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Kupanda masika kila mtu aweza. Mwezi wa tano Mombasa hata kijiti cha mwarobaini ukichomeka chashika. Bustani ya huku huhesabiwa Februari, wakati kaskazi imekausha kila kitu, mabomba hayatoi, na nyumba kumi kwa mtaa mmoja tisa ziko kahawia. Huo uwanja mmoja ulio kijani Februari ndio watu husimamisha gari wakauliza nani akufanyia. Kwa hivyo usiuze kupanda ukaondoka, uza matunzo. Mwambie huyo mama, nikimaliza kupanda nitakua naja asubuhi moja kila wiki, kwa mwezi ni kiasi fulani. Tuseme ni elfu nne, wewe ndio utaangalia. Nyumba tano za hivyo ni elfu ishirini, na umefanya asubuhi tano kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne na nusu kabla jua halijakuua. Na zaidi ya pesa, ukirudi pale pale kila wiki ndipo utajifunza. Utaona vidung'ata vikianza kwenye jani moja kabla havijaenea, utaona nyasi ipi hulala kwanza maji yakikatika. Aliyepanda akaenda zake haoni kitu, mwaka wa kumi yuko pale pale alipoanza.

Ile kazi ya elfu tisa. Gawa kwa siku 26 ni kama shilingi 346 kwa siku, kutoka asubuhi mpaka jioni. Amri ya mishahara ya serikali iliyoanza Novemba 2024 ilisema mtu wa bustani mjini Mombasa asilipwe chini ya shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, na hapo marupurupu ya nyumba hayajaingia. Katika jedwali hilo mtunza bustani yuko safu moja na mfagizi na yaya na mlinzi wa mchana, yani hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, na wao wataka kukupa zaidi kidogo ya nusu yake. Sisemi uwatukane. Nenda uwaambie siku sita sitaweza, nitawafanyia asubuhi mbili kwa wiki kwa bei tutakayoelewana. Huenda wakakubali, manake nyumba nyingi hazina kazi ya siku sita, huwa wataka tu mtu awepo.

Mashine usinunue. Elfu kumi na sita kwa kumi na nane, umebaki na elfu mbili, petroli, plagi, kisu kikigonga jiwe la matumbawe mara moja tu kwisha, na utaibeba vipi kwenye matatu kutoka Mshomoroni? Na nyasi utakazopanda Aprili hazitaki mashine kwa wiki kadhaa, zikifika kukatwa mara ya kwanza zipitishe fyekeo kali kidogo tu, usikate zaidi ya theluthi ya urefu wake. Nunua jembe, reki ya chuma, fyekeo, glavu, gambuti, tepu, na mkasi wa kupogolea, na huo mkasi ndio usiutafute wa rahisi, mkasi butu huponda tawi likaoza. Akiba itakayobaki iache, itakua nauli na unga mpaka ulipwe.

Asubuhi ambazo huna kazi nenda kwa wauza miche wa kandokando ya barabara. Chagua mmoja ambae miche yake haina vumbi, mwambie nitakusaidia kumwagilia na kujaza udongo bure mwezi mmoja nataka kujifunza. Hapo utajua majina, utajua kipandikizi cha bogenvilia hukatwa wapi, na kuna jambo wengi hawalioni, wateja wakinunua miche huuliza kila siku "mwamjua mtu wa kunipandia?" Anaejibu swali hilo ni muuza miche. Wewe uwe ndio mtu anaetajwa. Hapo umeshapata zaidi ya cheti, na cheti ukitaka utasomea baadae ukiwa na nyumba zako nne tano za kukulipia karo.

Mambo mawili madogo usiyaguse kwanza. Dawa za wadudu usipige kama hukusoma kibandiko na huna vifaa vya kujikinga, na ununue ile iliyoandikishwa na bodi ya dawa za wadudu ya serikali, sio ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Na mnazi usiukwee, kuangua nazi na kusafisha makuti ni kazi ya mkwezi, muite yeye mwenyewe na alipwe na mwenye nyumba.

Mamako nae usibishane nae. Amesikia neno shamba boi tangu utotoni na hataki liitwe juu ya mwanawe, ni mapenzi hayo. Mpeleke Bamburi mwezi wa saba zile bogenvilia zikiwa zimefunga maua, asimame hapo aone ni mkono wa nani. Na wewe mwenyewe ukiulizwa kazi yako sema ni mtunza bustani, ulitamke lote.

Kesho asubuhi kabla ya kumpigia huyo mama wa Nyali pitia kwanza kwa dada yako, mueleze habari ya chokaa na chumvi kama nilivyokueleza hapa, umuombe radhi kwa zile 17. Ukiweza kumueleza yeye akaelewa, utaweza kumueleza yule mama. Kisha Februari ijayo nitumie picha ya uwanja wa Nyali, iwe ya mchana, jua likiwa kali.